Fundi wa Feni na Masikio ya Kuazima

Fundi wa feni alikuwa anaogopa upepo. Nianze hapo, kwa sababu ukijua hiyo umejua nusu ya huyo mzee, na hiyo nusu ingine nitakupa polepole, kama githeri ya moto.

Kwa kiwanda yetu ya majani chai, juu ya Kangari, kule baridi inaamka kabla ya watu, yeye ndiye alikuwa anasimamia feni zote na blowa zote. Kutwa nzima anatengeneza upepo. Lakini akifika kwake anafunga dirisha, anaziba chini ya mlango na gunia, anavaa mafla mbili, moja ya shingo na ingine ya kichwa, na bibi yake akichukua kifuniko ya sufuria apepee jiko, anaambiwa atoke nje na hiyo mchezo. Nilimtembelea kiangazi moja, jua inapiga mpaka mbwa wamelala chini ya mkokoteni, nikakuta amejifungia ndani kama mtu anatafutwa na chifu. Nikamuuliza kwani kuna nini. Akanijibu na ile sauti yake ya kuita mtu ng'ambo ya bonde:

"Upepo ya Mungu haina swichi."

Mimi nilitoka shule fomu tuu, yaani kidato cha pili. Mwalimu wa hesabu alisema niko na kichwa nzuri sana ya kuvaa kofia. Nikaolewa na kazi ya kutandaza majani, na kwa vile kila mara nilikuwa natajataja hiyo fomu tuu yangu kama mtu ametoka yunivasiti, wakanibandika jina: Fomu Tuu. Hata bibi yangu alikuwa ananiita hivyo tukikosana.

Wacha nieleze hiyo kazi, usije ukadhani tulikuwa tunapuliza chai na mdomo. Majani ikitoka shamba imeshiba maji. Ukiipeleka kwa mashini hivyo inakuwa mboga. Lazima kwanza inyauke, iwe laini kama sikio ya sungura. Sasa tulikuwa na vitanda ndefu za waya, ndefu mpaka mtu wa mwisho unamjua na kofia tu. Majani inatandazwa juu ya waya. Chini ya waya hakuna kitu, ni nafasi tupu, na mwisho wa kitanda kuna feni kubwa kama mlango wa kanisa. Feni inajaza hiyo nafasi upepo, upepo inakosa njia, inapanda juu kupitia majani, inabeba maji inaenda nayo. Ukitandaza majani nene sana upepo inashindwa kupita, na majani inaanza kupata joto yake yenyewe huko katikati, inageuka nyekundu, inaharibika. Hiyo joto ndio adui. Fundi alikuwa anasema majani ni kama watu wa matanga: ukiwarundika pamoja bila hewa, lazima vita itokee.

Feni kwake zilikuwa mbili tu duniani. Kuna ile ya kusukuma mbele moja kwa moja, kama hizo za vitanda. Ukiigeuza izunguke nyuma, inavuta badala ya kusukuma, na saa zingine tulikuwa tunafanya hivyo makusudi ili majani ya juu ipate zamu yake. Halafu kuna ya konokono. Hiyo ndiyo blowa. Iko na nyumba ya bati imejikunja kama konokono, na gurudumu ya mabapa ndani. Hewa inaingia kwa sikio, hapo katikati, gurudumu inaitupa kando kwa nguvu, ikifika kando inakuta ukuta, inafuata ukuta mpaka mdomo, inatoka ikiwa na hasira. Draya yetu, ile mashini ya kukausha chai, ilikuwa inapulizwa na hiyo, hewa moto inapita chini ya chai mpaka chai inachemka kama mchanga ya kuruka. Boila ilikuwa na mbili, moja ya kupuliza moto na moja ya kuvuta moshi iende bomba. Ingine ilikuwa inafyonza vumbi kule wanachagua chai, maanake bila hiyo wale wamama wangekuwa wanapiga chafya ya rangi ya chai.

Siku alinifundisha hii ya konokono, hakuchora chini na kijiti. Aliingia kantini, akachukua mwiko, akaanza kuzungusha chai ya watu wote kwa sufuria kubwa. Chai ikapanda kando, katikati ikabaki shimo. "Ona," ananiambia. "Dunia haipendi shimo. Hapo katikati ndio hewa ingine inakimbilia." Alizungusha kwa raha mpaka shimo ikafika chini na chai ikafika kwa aproni ya mpishi. Saa kumi hatukunywa chai, kiwanda nzima ya chai. Lakini mimi nilielewa blowa, na mpishi alielewa Fundi.

Usidhani alikuwa anajua kila kitu. Alikuwa anajua nusu na kusema yote. Alikuwa na sifa moja kubwa, nayo ilikuwa sikio. Zamani, kabla sijaandikwa, anasimama mlangoni, anainamisha kichwa, anasema kitanda ya tatu mkanda umelegea. Wanaenda, wanakuta umelegea. Kuna wakati mota ya draya ilitoka kufungwa waya upya huko Nyeri, wakairudisha waya zimebadilishana mahali. Blowa ikazunguka kinyume. Sasa ajabu ya konokono ni kwamba hata ikizunguka kinyume bado inatoa upepo kwa mdomo ule ule, lakini ni upepo ya mzee mgonjwa. Watu wote wakaridhika, upepo si iko? Yeye akaingia akasema hapana, hii inaimba nyuma. Hiyo hadithi aliisimulia mpaka hata feni zilikuwa zimeijua.

Ile hakuwa anasimulia ni ya siku alifungua feni nzima, bolti kwa bolti, akitafuta kitu inagongagonga. Akaifunga. Ikagonga. Akaifungua tena. Ilikuwa ni kopo yake ya ugoro kwa mfuko ya koti, inagonga spana.

Na hakuwa anaweza kupita blowa ya mtu bila kutoa ushauri. Tukienda Nyeri siku ya kupumzika, mimi nataka kuona mitumba, yeye anataka Majengo, kwa fundi mmoja wa kufua vyuma aliyekuwa na blowa ya kuzungusha na mkono, ametengeneza na rimu ya baisikeli na bati. Ilikuwa inapuliza makaa vizuri tu, panga inaiva. Fundi wetu akaona mabapa ni machache. Akaketi hapo asubuhi nzima akaongeza mabapa, jamaa anamwambia mzee wacha tu, mzee hasikii. Tukadhani ni kiburi. Walipozungusha, makaa yote ilitoka kwa tanuru kama nyuki, ikaenda kutua kwa meza ya mama mmoja wa nguo. Mashati yake yalipata matundu mpaka ya kuingiza mikono ya ziada. Tulitoka Majengo kwa mbio nzuri sana kwa watu wa umri wetu. Jioni akanipa hekima ya hiyo siku: upepo kidogo inawasha moto, upepo mingi inauhamisha.

Huko Kutus alifanya ingine. Alikuwa ameenda kuona dada yake aliyeolewa huko, akapitia kinu ya mchele. Pale mchele ukishakobolewa unaanguka mbele ya upepo, maganda yanaruka, mchele unashuka kwa sababu ni mzito. Wamama wamefanya hivyo na ungo tangu Adamu, hii ni ungo ya stima tu. Akaingiza uso kwa mdomo wa blowa apime nguvu. Alirudi kazini macho nyekundu, na maganda kwa nywele, anasema ile blowa ni nzuri sana, ni mwenye kinu tu ndiye mbaya.

Sasa nije kwa mikono.

Kwa ile nyumba ya vitanda, feni zote zikinguruma, hakuna mtu anasikia mtu. Hata ukipiga nduru kwa sikio ya mwenzako, anaona tu umefungua mdomo kama samaki. Kwa hivyo tulikuwa tunaongea na mikono. Hakuna mtu alitufundisha, ulikuta na ukajua. Kunyunyiza vidole ni majani imekuja na mvua. Kusugua ngumi ni beringi. Kidole gumba kwa mdomo ni chai. Kuchora tumbo kubwa mbele yako ni meneja anakuja. Tulikuwa tunaweza kusengenya mtu kutoka mwisho wa nyumba mpaka mwisho, na matiti na mahari na kila kitu, bila kusimamisha kazi. Na ukikaa miaka unajifunza pia kusoma mdomo, kwa sababu kuna watu wavivu wa mikono. Mwaka ile ya vyama vingi kulikuwa na shida kidogo, kwa sababu kuonyesha vidole viwili juu ilikuwa ni siasa, saluti ya upinzani, na wewe ulikuwa unataka kusema tu kitanda ya pili. Mwenzetu mmoja aliitwa ofisini akaulizwa msimamo wake.

Kwa hiyo lugha, Fundi alikuwa bingwa. Alikuwa anaweza kusimulia hadithi ya mota kuzunguka nyuma na mikono peke yake, na ukasikia hata ile sauti. Nje ya hiyo nyumba alikuwa mtu mwingine. Kwa kanisa alikuwa anasema Amina nyuma ya wengine kidogo, kama mtu anafuata gari. Wimbo ukiisha yeye anaendelea na ubeti wake. Kwa kantini anacheka wengine wakishacheka. Na stima ikipotea, feni zikinyamaza, kila mtu anaanza kupiga mdomo kwa furaha, Fundi anaenda choo.

Ni Mama Draya aliyetegua hiyo kitendawili. Huyu alikuwa mama wa kulisha draya, mnene, mdomo wake ulikuwa na makali ya kukata nyasi. Stima ilipotea, Fundi akaanza safari yake ya choo, Mama Draya akamwambia kutoka nyuma, sauti ya kawaida, kwamba suruali yake imepasuka katikati na mambo yote yako nje. Fundi akaendelea kutembea.

Mama Draya akanigeukia. "Hakuna mwanaume duniani anaweza kosa kugeuka hapo. Huyu mzee hasikii."

Feni zilikuwa zimekula sikio yake. Miaka yote alikuwa anatuambia zinaimba, kumbe zilikuwa zinamtafuna kama panya anatafuna gunia, kidogo kidogo, upande kwa upande. Feni alikuwa anazipima na nyayo. Anavua kiatu, anasimama karibu na mota, anasikia na mguu. Sisi tulidhani ni kucha inamuuma.

Kabla yake kulikuwa na mtu wa boila aliyepatikana na masikio mbovu. Ofisi ilimpa blanketi na mkono wa kwaheri. Akaenda nyumbani akakaa kwa stuli mpaka akaanza kufanana na stuli. Fundi aliogopa hiyo kuliko kifo. Tulimkalisha nyuma ya boila, mimi na Mama Draya, tukamwambia na mikono kwamba tunajua. Hakukataa. Aliangalia chini, akavuta ugoro, halafu akasema kwa mdomo:

"Mkinitoa hapa, mnanipeleka wapi? Nyumbani kila mtu anaongea na mdomo. Ni hapa tu nasikia watu."

Mama Draya akasimama. Akampiga bega, akarudi kwa draya yake. Tangu hiyo siku kiwanda yote ilikuwa inamchunga. Stima ikipotea, kuna mtu anasimama mbele yake anaongea kama anatafuna ndizi moto, ili asome mdomo. Meneja akipita, mtu anajibu kabla Fundi hajaulizwa. Meneja wetu alikuwa mtu wa ofisi, mpole, tumbo kubwa, na hakujua hata ishara moja, ile yake mwenyewe ikiwa ya kwanza.

Halafu ikasemekana watu wote wa mashini, na hata wa simu, watapimwa masikio. Sista wa hospitali atakuja kutoka Nyeri.

Fundi hakula siku hiyo. Mimi nilikula yangu na yake, maanake woga inanipa njaa. Nilienda kuchungulia jinsi sista anapima. Alikuwa amewekwa kwa chumba ya karani wa simu. Anakuketisha kwa kiti unaangalia dirisha, yeye anasimama nyuma yako anakunong'onezea maneno, na wewe unarudia. Sasa mtu akisimama nyuma yako na wewe unaangalia dirisha, yule aliye nje ya dirisha anaona nini? Anaona nyinyi wawili, na mdomo wa sista uko wazi kama redio ya bure.

Nikatafuta kitambaa na ndoo, nikaenda kuosha hiyo dirisha. Haikuwa imeoshwa tangu ijengwe.

Fundi aliingia kama mtu anaenda kunyongwa. Akaketi, akaniona, uso wake ukafunguka. Sista akanong'ona "tano". Mimi nikaweka mkono wazi kwa kioo, nikapanguza. "Tano," Fundi akasema, na sauti ya kuamsha mochari. Sista akashtuka kidogo. Akanong'ona "maji". Nikanyunyiza. "Maji." Akanong'ona "ng'ombe". Hiyo hatukuwa nayo kiwandani, nikajiwekea pembe. "Ng'ombe." Akanong'ona "kanisa", nikapiga magoti hapo kwa matope na mikono imekunjwa, mtu wa stoo akipita akaniuliza kama nimeokoka. "Kanisa."

Hapo ndipo ningetosheka. Lakini mimi ni mtu akianza kushinda hajui kusimama. Sista akakohoa, nami nikamwonyesha Fundi kikohozi. "Pole na kikohozi," Fundi akamwambia bila kugeuka. Sista akarudi nyuma hatua, akanong'ona chini kabisa. Fundi akajibu. Sista akaenda mpaka kona ya chumba. Fundi akajibu. Mwisho akajisemea mwenyewe, midomo inatingika tu, ati huyu ni mtu wa aina gani na mimi niko na njaa.

"Kuna githeri kantini," Fundi akasema. "Waambie wakuwekee avokado."

Sista alimwita meneja. Akamwambia ameanza kupima watu akiwa msichana na hajawahi kuona masikio kama hayo, mzee wa umri huu, na ametoka kwa mashini. Alisema ni masikio ya paka. Na aliyeanguka huo mtihani, kati ya watu wote, alikuwa ni karani wa simu, kijana mwoga aliyekuwa ametoka jasho mpaka hakusikia hata jina lake.

Meneja alifikiria. Nilimwona akifikiria kupitia hiyo dirisha safi. Akasema ni dhambi kupoteza masikio kama hayo kwa kelele. Fundi aje kwa simu. Karani aende kwa feni.

Mama Draya aliniambia, "Fomu Tuu, ungefika fomu tiri ungetuua sisi wote."

Fundi alikaa kwa hiyo ofisi kimya, dirisha imefungwa vile anapenda, hakuna upepo, na alikuwa anaonekana kama maiti imevalishwa tai. Aliweka mkono juu ya simu. Ikitetemeka, anainua. Hasikii kitu, kwa hivyo alijitungia jibu moja ya kutosha dunia: "Kiwanda. Feni zinazunguka. Majani imeingia. Ndio. Asante." Anaweka chini. Wajua simu za wakati huo. Kila mtu alikuwa anapiga kelele na hakuna mtu alikuwa anaelewana. Aliyepata jibu fupi namna hiyo, na ndio ndani yake, alishukuru Mungu. Mambo ilienda. Watu wa makao makuu walimsifu meneja kwamba siku hizi simu yake inajibiwa na mtu mwenye msimamo.

Lakini kila mchana nilimwona amesimama mlangoni kwa hiyo ofisi, mguu moja bila kiatu, anajaribu kusikia feni kupitia sakafu. Ilikuwa mbali.

Halafu boila ya kiwanda ya ng'ambo ikakufa, asubuhi moja ya msimu, majani imejaa kila mahali. Wakapiga simu kuuliza kama tunaweza kupokea majani yao. Fundi akawajibu. Feni zinazunguka. Ndio. Asante.

Malori zilianza kuingia kabla ya chakula. Sisi vitanda zetu zilikuwa zimejaa zamani. Meneja anauliza nani amekubali, dereva anasema mtu wenu wa simu, yule mwenye msimamo. Majani ya wakulima huwezi kuimwaga barabarani wakiangalia, wamama wamechuma tangu umande. Tukarundika. Vitanda ikawa nene mara mbili, upepo inasukuma chini inashindwa, na kuweka mkono katikati ya majani ilikuwa kama kuweka kwapani mwa mtu mwenye homa. Yule karani alikuwa amesimama katikati ya feni na pamba kwa masikio, amefunga macho.

Mlango ukafunguka, Fundi akaingia. Tai iko begani. Alivua viatu zote mbili.

Sijui nikuambie nini. Alitembea kando ya vitanda bila kuangalia majani, anaangalia mikono yetu tu, na mikono yake inaongea mbele yake kama mtu anacheza na hewa. Toa hapa, peleka pale. Geuza. Hii feni irudi nyuma, ivute. Ile isimame kwanza. Funguo ya hewa moto kutoka boila, funga. Sakafu yote ambayo ni kavu, tandaza majani chini, nyembamba, kila mtu na kofia yake apepee. Ndio, kofia. Meneja pia alipepea. Mama Draya aliacha draya akaja na kanga. Fundi alikosea pia, kuna kitanda aligeuza feni na haikuhitaji, ikameza majani ikakoroma, tukafungua tukatoa matope ya kijani. Lakini joto ilishuka. Kuna majani ilipotea, si mingi, na hakuna mkulima aliyerudishiwa yake.

Meneja akamjia, tumbo linapanda na kushuka, akamuuliza kitu. Fundi akasoma mdomo. Kila mtu aliona kile aliulizwa: ni nani alisema ndio? Fundi akafungua mdomo akajibu, jibu ndefu, na sisi tulioko karibu tulisoma kila neno, mikono yetu ikasimama. Meneja peke yake ndiye hakupata, feni zilikuwa zinanguruma. Akaweka mkono kwa sikio: nini?

Fundi angewacha hapo. Mama Draya alimfanyia ishara ya kuwacha hapo. Mimi nilimfanyia mbili.

Alimshika meneja mkono, akampeleka nje uwanjani, akafunga mlango. Kule nje kulikuwa kimya. Sisi tulibanana kwa madirisha, tunasoma midomo.

"Bwana meneja," alisema, "mimi ni kiziwi. Nimekuwa kiziwi tangu kabla wewe uletwe hapa. Ile masikio ilisifiwa ilikuwa ya Fomu Tuu."

Mimi nikaanza kupanga nitaambia bibi yangu nini. Halafu meneja akauliza, akimwangalia usoni vizuri, midomo polepole, kama ameshaanza kujifunza: "Na hizi feni unajuaje?"

Fundi akainua mguu wake, mchafu, wenye kucha kama ya kobe, akamwonyesha.

Meneja akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema atawaambia makao makuu kwamba simu ilikuwa mbovu, kitu ambayo kila mtu ataamini. Fundi akarudishwa kwa feni mpaka yeye mwenyewe atakaposema amechoka, na alikaa misimu mingi kabla aseme. Karani akapelekwa stoo, kimya, akanona. Na mimi, kwa vile ndiye mwenye masikio ya paka, nikawekwa kwa simu. Ndio kazi ya ofisi nilipata maishani, na ninawaambia watoto wangu ni kwa sababu ya elimu.

Nilikutana na yeye mara ya mwisho Majengo, Nyeri, karibu na msikiti, amekaa nje ya kioski na chai mbele yake. Alikuwa ametoka kwa daktari wa masikio. Dada yake wa Kutus alikuwa amemtafutia ile kifaa inaingia ndani ya sikio, rangi ya karanga. Nilimsalimia kwa nguvu vile tulizoea, watu wote wakageuka. Akaniinulia mkono.

"Polepole, Fomu Tuu. Unaniumiza."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea chini. Ilibidi nisogeze stuli. Nikamuuliza dunia iko namna gani. Akasema imejaa kuku. Hakujua kuku wanatembea na sauti. Nikamuuliza kama amepita kiwandani. Akasema ndio, aliamka siku moja akaoga, akavaa koti, akaenda. Walimpokea vizuri. Walimfungulia mlango wa nyumba ya vitanda, feni zote zikiwa zinazunguka.

Akazungusha kikombe kwa sahani.

"Ile kelele," akasema. "Haki ya Mungu. Mlikuwa mnakaa ndani ya hiyo kitu namna gani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka sana. Nikamuuliza alifanya nini, kama alitoa hiyo kifaa akaingia. Akasema alishika mlango akaufunga pole, akarudi nyumbani. Kwa sababu kuna kitu alikuwa amekuta huko nyumbani na hajamaliza kuisikia. Bibi yake akikaa chini kutoa maharagwe ama njahi kwa maganda, anaimba. Si wimbo ya kanisa, ni ya kujitungia tu, inazunguka zunguka. Fundi alimuuliza ameanza hiyo lini. Bibi akamwambia, tangu mtoto wa kwanza.

"Miaka yote hiyo, yeye anaimba, na mimi niko hapo kando yake kwa kiti."

Nikataka kumnunulia chai ingine. Akakataa, akasimama, akajifunga ile mafla ya shingo, anaangalia jua imefika wapi. Nikamuuliza haraka ni ya nini, na yeye ni mtu amestaafu.

"Leo bibi anatoa njahi," akasema. "Na ni karai mbili."